Pini Sita, Mkono Mmoja na Jirani Asiye na Bahati

Naomba kwanza ijulikane kwamba gita lilikuwa linalia vizuri tu. Hakuna aliyelalamika. Shida ililetwa na jamaa yangu mmoja fundi magita, yule bwana akishika gita la mtu hapigi, analigeuza, analigonga gonga mgongoni, anachungulia ndani, halafu anaguna. Kwangu akaguna. Nikamuuliza nini tena, akanionyesha vile vipini vyeupe pale chini nyuzi zinakoingilia, akasema, "Kaka, hizi ni plastiki. Weka za mfupa, utaniambia."

Mtu akishakwambia "utaniambia" hulali tena.

Kwa ambao hawajawahi kuangalia, gita la nyuzi za chuma lina kile kipande cha mbao kimegundishwa usoni chini ya tundu kubwa, sisi tunaita briji, kina matundu madogo sita, uzi unaingia tundu lake halafu inachomekwa pini juu yake basi. Magita ya nyuzi za nailoni mengi hayana haya mambo, kule uzi unafungwa tu kwenye briji na maisha yanaendelea, na kuna saa siku ile nilitamani sana ningekuwa mtu wa nailoni.

Seti ikafika kwenye kipakti kidogo. Pini sita za mfupa, kila moja ina kidoti cheusi kichwani, nzuri mpaka nikazipanga mezani nikazipiga picha. Kulikuwa na kikaratasi cha maelekezo, mke wangu akaanza kukisoma kwa sauti, nikamwambia acha bana, unatoa ya zamani unaweka mpya, hapo kuna nini cha kusoma. Akakikunja taratibu akakitia mfukoni. Kwa jinsi alivyokikunja nilijua kitakuja kutumika kama ushahidi.

Nyuzi nililegeza, hilo nisisingiziwe. Ukienda kung'oa pini wakati nyuzi bado zimekaza unatafuta kesi. Kwa kawaida kile kidude cha kuzungushia nyuzi kinakuwa na pengo pembeni, unalibananisha chini ya kichwa cha pini, unainua, inatoka yenyewe bila matatizo. Cha kwangu shemeji alikuwa amekifungulia chupa wiki za nyuma, pengo likavunjika, akakirudisha kwenye begi la gita kimya kimya kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo hapo tukaingia kwenye plaizi, na nataka muone vizuri kwamba plaizi haikuwa wazo langu, ilikuwa matokeo ya shemeji.

Nikaizungushia kitambaa ili nisikwaruze briji. Zikaanza kutoka, moja, nyingine, nyingine, nikaanza na kupiga mluzi. Tukafika kwenye pini ya ule uzi mnene wa E, maana nyuzi za sauti ya E ziko mbili, mnene na nyembamba. Hiyo ilikuwa imezama mpaka kola, ile pete ya chini ya kichwa, imelala kwenye mbao, huwezi kupitisha hata ukucha, na chini ya kichwa kulikuwa na uchafu wa miaka umeganda mweusi. Nikaishika, nikavuta. Nikaizungusha kidogo, nikavuta tena. Ikasema TAK.

Shemeji akauliza kutoka kwenye kochi, "Shem, imetoka?"

"Nusu."

Kichwa kiko kwenye mdomo wa plaizi, mwili wote umebaki ndani ya tundu, umekatika sawasawa na mbao hakuna pa kushika. Mke wangu hakusema kitu, alijipapasa tu mfukoni kuhakikisha kikaratasi kipo.

Nikampigia fundi. Akacheka kwanza, akamaliza, akasema hiyo ni ndogo, isukume kutoka ndani. Na kweli mbinu hii ipo: unaingiza mkono kwenye tundu la gita, unapapasa mpaka chini ya briji, pale kuna ubao mgumu umebandikwa kwa ndani na ncha za pini zinachungulia, unazisukuma kwenda juu kwa sarafu maana ukitumia kidole utajichoma. Rahisi kabisa. Nikachukua sarafu, nikasogeza nyuzi pembeni, nikatumbukiza mkono.

Saa sikuvua. Watu wanaingiza mikono na saa sehemu nyingi tu duniani.

Sasa ndani ya gita kumejaa vijimbao vyembamba vimebandikwa chini ya uso, ndivyo vinavyozuia ule uso usibinuke kwa mvuto wa nyuzi, maana seti ya kawaida ikikazwa yote inavuta zaidi ya kilo 70, ni mtu mzima kabisa ananing'inia kwenye kipande cha mbao nyembamba. Mimi nikapita hapo katikati vizuri, nikaipata ncha ya ile pini, nikaanza kusukuma. Sarafu ikateleza, ikaanguka ndani, nikageuza mkono kuitafuta, na bizimu ya mkanda wa saa ikaingia nyuma ya kijimbao kimoja ikakaa hapo. Nikivuta, kijimbao kinalia. Nikiacha kuvuta, mkono uko ndani ya gita.

Shemeji akasimama, akatazama, akauliza kwa heshima zote, "Shem, gita limekumeza?"

Akatoka kwenda kuleta sabuni. Nikamwambia shida sio mkono ni saa, akasema basi tuipake saa sabuni. Alipoona naye anafukuzwa akaona bora achukue simu arekodi, "tu kwa kumbukumbu ya familia," eti. Mke wangu ndiye akaja na akili, kwamba yeye ana mkono mdogo, aingize taratibu afungue mkanda kwa kupapasa. Basi tukakaa wote wawili sakafuni, gita limelala juu ya magoti, wa kwangu mpaka karibu na kiwiko, wa kwake umepenyezwa pembeni kwa tabu, nyuzi zimejikunja kila upande, shavu lake liko begani kwangu na mimi natoka jasho, namwambia "hapo hapo, hapana rudi, chini kidogo, haya vuta," na ndipo mlango ukagongwa na shemeji, badala ya kuuliza nani, akafungua.

Jirani. Mzee mmoja mstaarabu sana, hajawahi kuja kwetu bila sababu. Akatuangalia. Tukamwangalia. Mke wangu akamwamkia, "Shikamoo baba," mkono uko ndani.

"Marahaba," akasema. Akalitazama gita tena. "Nitarudi baadaye."

Saa ikafunguka. Mkono ukatoka na mistari myekundu ya nyuzi lakini mzima, na wa kwake akatoka nao na sarafu juu, nikaichukua nikarudi ndani mkono mtupu bila saa, nikasukuma mara hii kwa hasira kidogo, kile kipande cha pini kikaruka kikatua mezani. Shemeji akapiga makofi.

Saa yenyewe bado ilikuwa ndani. Tukaligeuza gita tundu likaangalia chini, tukalitikisa. Ikatoka saa. Zikatoka piki, vile vijipande vya kupigia nyuzi, ambazo nilishazililia zamani, kifungo cha shati, na hereni moja ya dhahabu.

Kimya.

Najua mnachofikiria na mimi ndicho nilichofikiria, moyo ulisimama. Ila mke wangu akaiokota, akaitazama kwa karibu, uso ukabadilika, kumbe ni yake. Ni ile ile ambayo wifi yake, yaani dada yangu, alishahukumiwa kuwa ameichukua alipokuja kututembelea, na ugomvi ule ulitembea ukoo mzima mpaka shangazi aliingilia. Sikusema neno. Nililitikisa tu gita mara moja zaidi, taratibu, kama mtu anayeuliza kama kuna mengine ya kusema. Mke wangu akaenda chumbani na simu, akafunga mlango, na kwa muda mrefu tulikuwa tunasikia tu "wifi yangu... hapana wifi... sasa wifi na wewe..."

Nikabaki na shemeji na pini za mfupa, mkaguzi wa karatasi hayupo, nikaona hapa sasa kazi itaenda haraka.

Hazikuingia. Zinaingia nusu zinagoma, zimesimama wima juu ya briji. Nikajua ni ugeni tu, zinataka kuzoeshwa, nikavua ndala nikaanza kuzigonga na kisigino cha ndala. Hapo hapo ikaingia sauti ya fundi kwenye simu, shemeji akaicheza kwa nguvu yote: "Kaka nilisahau kukwambia, usizigonge! Pini hazilingani, kuna za mchongoko wa digrii 3 na kuna za digrii 5, ukilazimisha unapasua briji. Nakujua wewe, weka chini hiyo ndala."

Hadi leo sijui aliijuaje ndala.

Njia nzuri ni kulipanua tundu kwa kile chombo cha kuchongea matundu yenye mchongoko, kidogo kidogo, unajaribu pini kila mara mpaka kola ikae juu ya mbao kwa kubanwa na kidole tu. Mimi chombo hicho sina, nilikuwa na msasa. Kwa hiyo nikapunguza pini zenyewe. Nawaambieni, kama hujawahi kupiga msasa mfupa ndani ya chumba kilichofungwa usijaribu, ile harufu ni ya kwa daktari wa meno, shemeji alifungua madirisha yote na mlango akaachia wazi. Kumbukeni huo mlango.

Mwishowe zikakaa. Nikaanza kurudisha nyuzi, mfereji wa pini ukiangalia kwenye tundu la gita ili uzi upite, nikakaza moja baada ya nyingine, hizo tano zikatulia. Ikabaki E nyembamba. Hiyo nilishachoka nayo, nikatumbukiza uzi, nikachomeka pini, nikakandamiza, nikafungua programu ya kutuni kwenye simu nikaanza kukaza.

Sasa hapa kuna kitu ambacho watu wengi wanakikosea, kwamba pini ndiyo inashikilia uzi. Haishikilii. Mwisho wa uzi kuna kale kapete kadogo, na kapete hako kanatakiwa kajibane chini ya ule ubao wa ndani, pembeni ya pini, kazi ya pini ni kukazuia tu kasirudi tunduni. Ndiyo maana mafundi wanakunja kidogo ncha ya uzi kabla ya kuingiza, na wanauvuta juu huku wamekandamiza pini mpaka wasikie kapete kamegota. Kapete kakikaa chini ya ncha ya pini, basi kila unavyokaza unaisukuma pini itoke. Na E nyembamba ikifika kwenye sauti yake inavuta zaidi ya kilo 10.

Simu ikaonyesha D, bado chini ya E. Nikazungusha. Ikaonyesha D kali. Nikaona pini imeinuka kidogo, kinywele tu, nikaikandamiza kwa dole gumba, nikaendelea kwa mkono mwingine. Shemeji akasema, "Shem, mbona kama ina—"

Ilitoka na mlio. Ilipita juu ya kochi, shemeji yuko chini tayari, ikapita mlangoni kulikoachwa wazi, na mlangoni kumbe amesimama jirani. Baadaye yake ilikuwa imefika. Ikamgota kwenye tumbo, bahati ana tumbo, ikadunda ikaangukia uani, tukasikia ti, ti, ti, halafu tukasikia imeingia kwenye shimo la maji machafu.

Mzee akajitazama tumboni. Akanitazama mimi na uzi unaoning'inia.

"Nilikuja kuomba mpunguze kelele," akasema.

Nikamwambia tumeshamaliza baba. Akaondoka, akitembea kwa upande, hakutaka kutugeuzia mgongo.

Pini za zamani nilikuwa nimezing'ata na plaizi zote, zimechakaa vichwa hazifai hata kwa dharura. Mke wangu ndiye akatoka chumbani macho mekundu, amesameheana na wifi yake, akaona hali, akatoa kikaratasi mfukoni, akakisoma chote kuanzia juu mpaka chini kwa sauti na hakuruka mstari. Alipomaliza akanipa penseli yake. Nikakata kipande, nikakichonga kwa kisu mpaka kikaingia tunduni, nikachimba kamfereji kadogo, E nyembamba haihitaji kubwa, safari hii uzi nikaukunja ncha, nikauvuta mpaka kapete kakagota, nikakaza mpaka E. Ikatulia. Rangi ya penseli bado inaonekana ukisogea karibu.

Usiku nikapiga kidogo nikamrekodia fundi. Akajibu muda huo huo, sauti imejaa furaha: "Umesikia sasa? Sikiliza hiyo E nyembamba! Nyingine sawa, lakini hiyo sikiliza inavyokaa hewani! Mfupa huo kaka! Nilikwambia utaniambia!"

Nikamwambia ni kweli, tofauti naisikia. Shemeji akajifunika mto usoni. Fundi akaomba nimwelekeze nilikopata hiyo seti, anao wateja. Nikamjibu seti kama hiyo imeisha, ila kuna kipande kimebaki, kina na kifutio.