Ndege wa demani: anza na jedwali la maji, saa ya kuamka baadaye

Ushauri wa kwanza anaopewa kila mtazama ndege Afrika Mashariki ni kudamka. Saa kumi na mbili uwe msituni, saa nne urudi kunywa chai. Kwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, ushauri huo hauna kasoro. Lakini ukivuka barabara ya Mombasa–Malindi kwenda hori ya Mida, ambayo iko ng'ambo tu ya msitu huo, kudamka peke yake hakukusaidii. Ukifika alfajiri maji yamekupwa, utaona tope jeupe lililotandaa hadi upeo wa macho, na juu yake vijidoa vinavyotembea. Vijidoa hivyo ndio ndege wako, na hutawafikia.

Ndege wa matopeni hula mchana na usiku, kwa kadiri tope linavyofunguka na kufungwa na maji. Jua haliwapangii ratiba. Ndiyo maana nasema mtu anayepanga safari ya ndege pwani bila kufungua jedwali la maji, yaani orodha ya saa na urefu wa maji kujaa na kupwa, ni afadhali abaki nyumbani, au aende zake msituni.

Msimu wenyewe ni huu wa demani, Agosti hadi mwanzo wa Novemba, wakati huko kaskazini ya dunia majani yanapukutika na baridi inaanza. Wengi husubiri Desemba na Januari, kaskazi ikishavuma na hoteli zikijaa. Mimi naona wanachelewa. Chukua chamchanga mmoja tu, Calidris ferruginea, anayezaliana kwenye nyanda za baridi za Siberia. Madume hawakai kulea. Majike wakishaatamia, wao wanaondoka. Kwa hiyo wa kwanza kutua kwetu Agosti ni wakubwa, na wengi bado wana mabaka mekundu ya vazi la kuzaliana tumboni na kifuani. Makinda hufuata kuanzia Septemba, bila mkubwa wa kuwaongoza njia, wakiwa na manyoya ya mgongoni yenye kingo nyeupe kama magamba na kifua chenye rangi ya samli hafifu. Oktoba, katika kundi moja, unaweza kuona mwekundu aliyechakaa, mkubwa aliyekwisha kuwa kijivu na kinda wa mwaka huo, wote wamesimama bega kwa bega. Ifikapo Januari karibu wote ni kijivu, na umekosa nafasi ya kujua nani ni nani na kizazi cha mwaka huo kimekuwaje.

Kuna pia wanaoondoka kabla hujafika. Mmoja wao ni ndege aitwaye Glareola ocularis: huzaliana Madagaska na huja pwani yetu miezi ya kusi. Agosti hukusanyika kwa makundi makubwa kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, kisha Septemba wanarudi kwao. Mgeni wa Krismasi hata manyoya yao hayaoni.

Sasa maji. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka, na kilele chake huwa siku moja au mbili baadaye. Katika mwambao wetu kuna jambo la kushukuriwa: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na kukupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata yanasogea mbele kwa dakika 50 hivi, ndiyo maana baada ya juma moja, siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, mambo yamegeuka: yanajaa saa nne na kukupwa saa kumi. Bamvua za karibu na Septemba 22, siku mchana na usiku vinapolingana, huwa kubwa kuliko za kawaida. Demani inazipata hizo zote, sababu nyingine ya kuipenda.

Urefu nao una maana kuliko saa. Kilindini maji ya bamvua hufika karibu mita 3.5, ya maji mafu karibu 2.4. Tofauti hiyo ya mita moja ndiyo inayoamua kama utaona ndege. Maji yakifika 3.5 yanafunika tope lote, ndege hawana budi kusogea na kusongamana kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyo juu na kwenye mikoko. Yakiishia 2.4, tope la pembezoni linabaki wazi, wao wanaendelea kula walikotawanyika, na wewe unaendelea kupangusa jasho. Angalieni pia saa zilizoandikwa kwenye jedwali: majedwali mengine ya intaneti hutoa saa za Greenwich, yaani nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mtu akisahau kuongeza hizo saa tatu anafika maji yakiwa bado mbali, au anaondoka wakati ndio kwanza yanaanza kuja. Na ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko ufukwe wa bahari wazi, kwa sababu lazima yapite mlango mwembamba kwanza. Kwa kiasi gani, muulize mvuvi wa hapo hapo. Wanaohesabu siku za mwezi kwa ajili ya mitego hawahitaji jedwali.

Basi fika saa tatu kabla ya maji kujaa. Kwa bamvua hiyo ni saa saba mchana, saa ambayo waongozaji wengi wanamwambia mgeni apumzike. Kaa mahali ambapo maji yatawaleta ndege kwako, jua likiwa mgongoni. Pale Mida kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na ada yake huingia kwenye mfuko wa karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na hori. Ukishaketi, usitembee. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaona kundi liko mita 200, wanavua viatu na kulifuata. Ndege wa kwanza kukasirika ni sululu, Numenius phaeopus. Anapiga mbinja zake za haraka mfululizo, anaruka, na kundi zima linaruka naye. Hayo si madhara madogo. Ndege aliyeruka kutoka Siberia na aliyekwisha kula mafuta yake mengi njiani anahitaji saa hizo za maji kujaa ili apumzike. Dalili za kwamba umesogea mno huja kabla ya mbinja: ndege wanaacha kula, shingo zinanyooka, walio pembeni wanaanza kutembea kukupa kisogo. Ukiona hivyo, rudi nyuma pole pole.

Ukikaa kimya maji yanakufanyia kazi. Saa moja unusu kabla ya kujaa, makundi madogo yanaanza kupita chini chini juu ya maji. Vitwitwi wanatua kwenye mchanga, chamchanga wanasimama kwenye maji ya kifundo. Mwenye mdomo uliopinda juu, Xenus cinereus, ana miguu ya njano iliyoiva na mwendo wa mtu anayekimbilia daladala; maji yakipanda zaidi hujipanga kwenye matawi ya mikoko pamoja na sululu, jambo linalowashangaza wanaodhani ndege wa tope hapandi mti. Kijiwe kikijaa, tulia uangalie mgeni wetu maarufu kuliko wote: Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huyu huzaliana kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na miongoni mwa ndege wa matopeni ni yeye peke yake anayetaga ndani ya shimo analochimba mchangani, yai moja, jeupe. Kuanzia Agosti anashuka kwetu na mtoto wake. Tazama ndege mwenye mgongo wa kijivu anayemfuata mkubwa, kichwa ameinamisha, akilia kwa mluzi mwembamba: bado anaomba kulishwa, miezi baada ya kuacha shimo. Mzazi anamvunjia kaa, anampa. Hili halihitaji hata darubini ya miguu mitatu, linahitaji subira tu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Darubini ya macho mawili ya 8x42 inatosha kwa mikoko. Kwa mafungu unahitaji ya miguu mitatu, na usidanganyike na namba 60 iliyoandikwa kwenye lenzi. Mchana, mazigazi yanayopanda kutoka kwenye mchanga wa moto hufanya chochote kilichozidi mara 30 au 40 kuwa uji. Punguza, ndege atakuwa mdogo lakini atakuwa na umbo. Agosti kusi bado ina nguvu, kwa hiyo shusha miguu ya darubini hadi chini, ukae nyuma yake, na utundike mfuko wenye mchanga katikati yake. Jioni pangusa kila kitu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kabla ya kufuta vioo. Ukifuta kikavu unasaga chumvi juu ya lenzi.

Wanaotesa watu kuliko wote ni vitwitwi wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, ambao vitabu vingi bado vinawaandika Charadrius leschenaultii na Charadrius mongolus. Ukubwa hausaidii kama hawajasimama pamoja. Pima mdomo: uchukue urefu wake kwa macho, uulaze kuelekea nyuma ya kichwa ukianzia shina la mdomo. Kwa mkubwa unapita kabisa nyuma ya jicho, kwa mdogo unaishia usawa wa jicho au unapita kidogo. Miguu ya mkubwa huwa na ukijani au umanjano wa kufifia, ya mdogo ni myeusi-myeusi, ingawa tope linafuta tofauti hiyo. Ndege akilala na mdomo ndani ya manyoya, andika "kitwitwi wa mchangani" uendelee. Kuna watu wanaona aibu kuandika hivyo. Aibu ingefaa kwa anayebuni.

Kuhesabu nako kuna namna. Usihesabu kundi lote mmoja mmoja, litaruka ukiwa kwenye 340. Hesabu kumi, ulishike jichoni umbo la hao kumi, kisha pima kundi kwa makumi kutoka kushoto kwenda kulia. Kundi kubwa, kwa mia. Halafu ndipo utafute aina: pita na darubini ya miguu mitatu sehemu tatu tofauti za kundi, ndege mia kila sehemu, uandike wangapi wa aina gani. Sehemu moja haitoshi, kwa sababu wakubwa husimama majini na wadogo pakavu, na ukipima ukingo mmoja unapata uongo mtupu. Ukiona pete au bendera ya rangi mguuni, andika rangi, mguu wa kushoto au wa kulia wa ndege mwenyewe (si wako), na kama iko juu au chini ya kiungo. Picha hata mbaya ya simu kupitia darubini inasaidia.

Siku za maji mafu usizitupe. Nenda mashamba ya chumvi: Gongoni na Kurawa kaskazini ya Malindi, Kunduchi kule Dar es Salaam. Kina cha maji kwenye vibwawa hivyo hupangwa na wachimba chumvi, mwezi hauna lake, na ndege huwapo wakati wowote. Omba ruhusa ofisini, tembea juu ya matuta makuu tu. Tuta dogo la udongo likibomoka chini ya mguu wako, umemwaga brini (maji ya chumvi kali) ya watu ya majuma kadhaa. Sabaki nayo hufaa jioni, shakwe na buabua wanapokuja kulala kwenye mafungu ya mlangoni, lakini huko usipite kwenye matete bila mwenyeji: kuna viboko. Na popote penye hori, weka akilini mkondo ulio nyuma yako. Maji hayaji kutoka mbele tu; hujaza mifereji ya nyuma kwanza, na anayesimama kwenye fungu akitazama baharini hugundua amezungukwa yakiwa kiunoni. Vaa viatu vya raba vinavyofungwa. Chaza walio kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe, na ndala hubaki topeni.

Kuna jambo moja ninalolilalamikia. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji hufanyika Januari, na kwetu watu wengi huhesabu mara hiyo moja kisha daftari linafungwa. Januari ina mantiki yake, kwa kuwa ndege wametulia na nchi zote zinahesabu kwa pamoja. Ila inawaacha nje Glareola wa Madagaska, inawaacha wapita njia wa Septemba, na haikuambii kitu kuhusu idadi ya makinda waliofika. Hakuna anayekatazwa kuhesabu demani. Chagua fungu moja ulilo karibu nalo, Mida, Sabaki, Chwaka kule Unguja, au mlango wa mto wa kijijini kwenu usio na jina kwenye ramani ya watalii, ulihesabu kila bamvua kuanzia Agosti hadi Novemba. Ni hesabu nane hivi. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, saa na urefu wa maji kujaa, upepo, nani aliwasumbua (mbwa, boti, watoto), wakubwa wangapi na makinda wangapi pale unapoweza kuwatenganisha, kisha uitume kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, na walio Kenya pia kwenye Kenya Bird Map. Siku ambayo fungu ni tupu, tuma hiyo pia, na urefu wa maji uandikwe, ili anayesoma ajue kama ndege hawakuwapo au maji tu hayakuwasukuma.