Soda pekee haitoshi kuwa mshtakiwa

Makala yenu kuhusu soda inasema sukari nyingi huongeza hatari ya vivimbe vya utumbo mpana vinavyoweza kugeuka saratani. Sawa, ila kichwa chake cha habari, kinachoibebesha soda lawama yote, kimetia chumvi. Utafiti wenyewe, uliofuatilia wauguzi wa kike wa Marekani na kuchapishwa 2021, uliwauliza wakiwa watu wazima walikula na kunywa nini walipokuwa sekondari, kisha ukaangalia nani alikuja kukutwa na vivimbe. Nani anakumbuka vizuri soda za ujanani? Uhusiano upo, lakini hilo halithibitishi kwamba sukari ndiyo iliyovileta.

Siitetei soda, jamani. Kopo la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, ikiwezekana 25. Pigeni hesabu.

Lililonikera ni lile mliloliruka. Vivimbe vingi havifiki kuwa saratani, na vinavyofika huchukua miaka kumi hivi au zaidi. Daktari akiingiza kamera kwenye utumbo huviona, akavinasa kwa kitanzi cha waya na kuvikata papo hapo. Marekani tangu 2021 wanashauri kuanza kupimwa utumbo mpana ukiwa na miaka 45. Mbona hilo hamkuliandika?