Mtoto hakukimbia mechi, waifai ndiyo ilimkimbia

Tangu Jumamosi kuna kitu kimenikaa kooni, leo lazima nikitoe. Mpwa wangu wa miaka 13 ameitwa mwoga kwenye grupu ya WhatsApp ya ligi ya vijana wa mtaa wa dada yangu huku Kireka, Uganda, mbele ya watu wazima, kisa mechi yake ya eFootball, ile gemu ya mpira ya mtandaoni, ilikatika dakika ya 83 akiwa nyuma 2-1. Eti kaona anapigwa kazima rauta. Mimi nilikuwa nimekaa naye palepale kwenye mkeka, nimeona mwenyewe wachezaji wanaganda, wanaruka hatua kumi mara moja, wanaganda tena, halafu ule ujumbe kwamba mtandao umekatika, na mtoto bambi bado ameshika pedi anaminya kitufe cha shuti. Mimi nimekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, kule kwetu mtu humwiti mwoga hivi hivi bila ushahidi, hata akiwa mtoto.

Shemeji yangu, baba yake, akafanya kile wazazi wengi wanafanya. Jumatatu asubuhi akaenda kwa hao wanaomuuzia intaneti, akaongezewa spidi kutoka Mbps 10 hadi 20, akalipa, akarudi na furaha, na jioni gemu ikaganda vilevile. Pale ofisini hakuna hata mmoja aliyemuuliza rauta iko chumba gani na TV iko chumba gani. Kauziwa dawa ya ugonjwa ambao hana, na hilo linaniuma kuliko hata matusi ya kwenye grupu.

Jamani, gemu haili spidi. Mechi ya online inatumia data kidogo mno ukilinganisha na video, inachotaka ni kila kidata, yaani kila kipande kidogo cha data, kifike kwa wakati wake. Najua mtabisha, mbona YouTube haikwami? YouTube inachota mbele, inaweka akiba ya sekunde kadhaa, waifai ikipotea nusu sekunde wewe hata hujui. Gemu itachota nini mbele, shuti ambalo hujapiga bado halipo! Kwa hiyo kila kuchelewa unakuona palepale kwenye skrini.

Na waifai inachelewesha kwa jinsi ilivyoumbwa. Ni kama zile redio za upepo tulizokuwa tunazisikia kambini, kwenye chaneli moja anaongea mmoja, wengine wote kimya mpaka amalize, na wawili wakiongea pamoja hasikiki yeyote, wanaanza upya. Sasa waifai ina masafa mawili ya kawaida, GHz 2.4 na GHz 5, na yale ya 2.4 yana chaneli 3 tu ambazo haziingiliani, yaani 1, 6 na 11. Nilisimama sebuleni kwa dada nikafungua simu nikahesabu mitandao 17, kila mpangaji na rauta yake, wote wanagombania chaneli hizo 3, na saa mbili usiku ndiyo kila mtu karudi kazini anaangalia video. Saa hiyohiyo ndiyo mnapangia watoto mechi. Mtasema hamia kwenye 5, sawa, 5 ina chaneli nyingi zaidi nakubali, lakini ikikutana na ukuta wa tofali inachoka haraka, na PS4, yaani mashine ya gemu, ya mtumba aliyonunuliwa huyu mtoto ni ile ya kwanza kabisa ya 2013, haishiki 5 hata ufanyeje.

Sikutaka kubishana kwa maneno tu. Nilichukua laptop nikaiweka pale PS4 ilipo, nikapima pingi, yaani muda ambao data inatumia kwenda na kurudi, mpaka kwenye rauta yenyewe, sio seva ya ng'ambo, rauta iliyoko chumba cha pili, hatua nane. Inatakiwa irudi ndani ya milisekunde 2 au 3. Ikaja 4, 3, 190, 6, 240, halafu kimya kabisa hakuna jibu. Hapo data haijatoka hata nje ya mlango wa dada yangu! Nikachomeka waya wa mtandao kutoka kwenye rauta, ikaja 1, 1, 1, 1. Nimerudia mara tatu, shemeji amekaa pembeni anatazama, hakusema kitu.

Kuna wa kusema shida ni nchi yetu haina bahari. Ni kweli haina, kebo za intaneti za chini ya bahari tunazipata kupitia Mombasa, na Mei 2024 mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, zilipokatika kule upande wa Afrika Kusini tuliisoma namba. Seva nazo ziko mbali, mwanga ndani ya faiba unakula karibu milisekunde 10 kwa kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi, hilo hakuna fundi wa kulirekebisha. Lakini umbali ni uleule kila dakika, mkono unauzoea, pingi ya 150 iliyotulia unaicheza, unajifunza kutoa pasi mapema kidogo. Hii ya kuruka kutoka 60 hadi 300 hakuna binadamu anayeizoea, na kwa dada yangu ilikuwa inazaliwa mle mle ndani.

Mnaocheza kwa simu na bando, kesi yenu ni nyingine, tutaongea.

Wapangaji najua mnawaza kutoboa ukuta ili waya upite. Nilienda kwa mzee mwenye nyumba, nikamwamkia, nikamweleza yote mpaka ya kuitwa mwoga, akasikiliza, akasema mwanangu ukuta wangu usiuguse, pitisha chini ya mlango. Tukapitisha chini ya mlango. Waya wa mita 15, shilingi 40,000 pamoja na vichwa vyake na selotepu ya kuubana sakafuni ili bibi asijikwae, tena waya wa namna hii unafika mpaka mita 100 bila shida kwa hiyo msiniambie nyumba ni kubwa.

Viongozi wa ligi, nawaomba kwa heshima. Kabla hamjaandika kwamba mtoto kakimbia, muulizeni kwanza anacheza kwa waya au kwa waifai. Na huyu wangu mrudishieni zile dakika 7, sio mechi nzima, dakika 7 tu, akifungwa afungwe. Pedi imechajiwa, yuko tayari kuanza akiwa nyuma 2-1 vilevile.