Ndoo ya Mipira 100 Haikufundishi Gofu

Pita uwanja wowote wa mazoezi Jumamosi asubuhi, uwe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, utamkuta mchezaji huyu. Alhamisi alikuwa kwa mwalimu, akalipa, akaonyeshwa namna mpya ya kushika fimbo. Leo amenunua ndoo ya mipira 100, kashika driva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, na anapiga mpira mwingine kabla ule wa kwanza haujatua. Akifika mpira wa 30, mikono imesharudi ilikokuwa juma lililopita. Akimaliza ndoo, amefanya mazoezi ya kosa lake mara 70, tena amelipia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema masomo ya gofu ni kutupa hela. Hela nyingi hazipotelei kwa mwalimu. Zinapotea katika siku tatu au nne baada ya somo, na nyingine zimeshapotea kabla mwanafunzi hajafika.

Mwalimu ana dakika 30 au 45. Ukifika na kumwambia tu "nataka kupiga mbali", nusu ya muda wako itakwenda katika kutafuta ugonjwa. Nenda na karatasi ya raundi zako tatu za mwisho, na kwa kila shimo andika mpira wa kwanza uliangukia wapi, ulifika grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) kwa mikwaju mingapi, ukapiga pata ngapi (mikwaju ya kuusukuma mpira shimoni), ukapata adhabu ngapi. Karatasi hii inaumbua. Anayeilaani driva kila siku hukuta amepiga pata 40 kwa mashimo 18, au kwamba mikwaju inayomtafuna ni ile ya mita 30 kuelekea grini, anayopiga mara mbili mbili. Mwambie pia kama mgongo au goti linakusumbua, na useme kweli una siku ngapi za mazoezi kwa juma. Mwalimu mzuri humpa mwenye siku moja dawa tofauti na ya mwenye siku nne. Fika dakika 15 mapema upashe mwili moto, kwa sababu mipira kumi ya kwanza ya mtu aliyetoka kwenye foleni ya magari haimwonyeshi mwalimu swingi yako halisi, yaani mzungusho wako wa fimbo.

Ndani ya somo, dai jambo moja. Mwalimu akikupa matano, muulize lipi litangulie, na usiondoke bila kujua mambo manne: mpira wangu unafanya nini, kwa nini unafanya hivyo, zoezi lake ni lipi, na nikiwa peke yangu nitajuaje kama nimelipatia. La nne ndilo watu husahau kuuliza, na ndilo litakalokufaa Jumamosi.

Chukua kosa linaloujaza uwanja, yaani mpira unaopinda kulia kwa mpigaji wa mkono wa kulia. Mpira huanza safari yake kwa kiasi kikubwa kule uso wa fimbo unakotazama unapougusa. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Fimbo ikikata kutoka nje kuja upande wa miguu yako, huku uso umebaki wazi, yaani unatazama kulia zaidi kuliko njia hiyo, mpira utapinda kulia tu, hata ukijielekeza kushoto kiasi gani. Kujielekeza kushoto kunazidisha ugonjwa, kwa sababu mwili unajifunza kukata zaidi.

Mara nyingi mwalimu ataanza na gripi, yaani ushikaji wa fimbo. Atauzungusha mkono wa kushoto kidogo kuelekea kulia, mpaka ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole badala ya kimoja. Sasa uso unafunga, lakini njia ya fimbo bado ni ile ya kukata. Matokeo yake mpira unaanza kushoto na kuishia huko huko kushoto, vichakani. Hapa ndipo wengi hukimbia. Wanasema mwalimu amewaharibia, wanarudi kwenye gripi ya zamani. Kumbe mpira ule wa kushoto ni ushahidi kwamba gripi imefanya kazi, na somo la pili lilikuwa la kurekebisha njia. Muulize mwalimu mapema mpira utaharibika kwa namna gani kabla ya kutengemaa, ili ukiona dalili hiyo usishtuke.

Rekodi kwa simu kabla hujaondoka, swingi ya zamani na hiyo mpya. Weka simu kwenye kimo cha mikono yako, kwa pembe mbili: mbele ya kifua, na nyuma ya mstari wa shabaha. Hiyo ya nyuma ikae sawa na mstari wa mikono, sambamba na unakolenga. Ikisogea hatua moja tu pembeni, fimbo itaonekana inatoka nje wakati haitoki, au kinyume chake, nawe utatumia juma zima kutibu kosa la kamera.

Kuhusu siku zinazofuata, pendekezo langu huwaudhi watu: siku mbili za kwanza acha mpira. Simama mbele ya kioo, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, ufanye mwendo mpya polepole sana, ukisimama mikono ikiwa juu, ukisimama pale fimbo ingegusa mpira, ukikagua. Mpira ukiwepo, akili yote inahamia kule unakokwenda, na mwili huchagua njia uliyoizoea. Ukiuona mpira mzuri uliotoka kwenye swingi mbovu, utaipenda ile mbovu.

Ukirudi uwanjani, mipira 50 au 60 inatosha kwa saa nzima. Kumi ya kupasha mwili na wedji, fimbo ya mikwaju mifupi. Ishirini ya jambo jipya, kwa nusu ya nguvu, na kabla ya kila mpira swingi mbili au tatu za hewani za lile zoezi. Iliyobaki usirudie fimbo ile ile mara mbili mfululizo: driva, kisha ayani 8 (fimbo ya chuma ya masafa ya kati), kisha wedji, kila mmoja na shabaha yake, ukirudi nyuma ya mpira na kujipanga upya kama uko kwenye mashindano. Utapiga vibaya kuliko jirani yako anayetwanga ayani 7 mara hamsini, na hilo lisikutishe. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono. Waliojifunza mwendo mmoja mpaka mwisho ndipo wahamie mwingine walifanya vizuri zaidi wakati wa mazoezi, lakini walipopimwa baadaye walizidiwa na waliokuwa wakichanganya. Uwanjani hakuna shimo linalokupa ayani 7 mara hamsini.

Kuna adui mwingine asiyesemwa, nalo ni zulia la plastiki. Kwenye nyasi, ayani ikigusa ardhi sentimita tano nyuma ya mpira inachimba, na mpira unakwenda hatua chache. Kwenye zulia fimbo inateleza, inaufikia mpira, na mpira unapaa vizuri tu. Unaweza kuwa na kosa hilo miezi sita bila kulijua, ukashangaa kwa nini mazoezini uko hodari na shimo la kwanza linakutoa jasho. Kunja taulo liwe bapa, liweke sentimita 10 hadi 15 nyuma ya mpira, kisha piga ayani fupi bila kuligusa. Ukipata sehemu yenye nyasi ni bora zaidi: chora mstari kwa chaki, weka mpira juu yake, na uangalie kipande cha nyasi kinachong'oka kinaanzia wapi. Kikianzia nyuma ya mstari, umejua pa kushughulikia.

Umbali wa mipira ya mazoezi usiuamini sana, imechakaa. Na ukisafiri kucheza, hesabu hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na mpira hupaa mbali zaidi kuliko Pwani. Ayani 7 inayokupa mita 140 jijini inaweza kukupa karibu 132 ukiwa Nyali, Mombasa, nawe utaishia kwenye bunka (shimo la mchanga) la mbele ukidhani swingi imeharibika.

Nusu ya muda wa mazoezi iende kwenye mikwaju mifupi na pata, ingawa najua wanaonisoma hawatafanya hivyo. Hata wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, hutumbukiza takriban nusu tu ya pata za mita 2.4, kwa hiyo usijitese na za mita nne. Fanya mazoezi mawili tu. Kwanza, mipira sita kuzunguka shimo kwa umbali wa mita moja, na ukikosa mmoja anza upya. Pili, mipira mitatu kutoka mita 6, kisha 9, kisha 12, yote isimame ndani ya urefu wa fimbo kutoka shimoni. Kwenye grini ambazo nyasi zinalala upande mmoja, tazama rangi: zikimeremeta mbele yako zimelala kuelekea shimo na mpira utakwenda kasi, zikiwa na giza zimekuelekea wewe, ongeza nguvu.

Hili la kusoma grini muulize kedi, anayekubebea mkoba wa fimbo. Wengi wanazijua grini za klabu yao kuliko mwalimu yeyote, na wachezaji wengi wa kulipwa wa ukanda huu walianzia kubeba mikoba. Ila usimwombe akurekebishe swingi katikati ya raundi. Ushauri wake unaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukagongana na ule uliolipia, nawe ukafika shimo la 18 na swingi mbili zisizoelewana.

Masomo yakae mbalimbali, wiki mbili hadi tatu, usimalize kifurushi cha matano ndani ya siku kumi. Wala usipime kwa handikapu (namba ya kiwango cha mchezaji) ya mwezi mmoja, kwa kuwa mfumo wa sasa wa dunia, ulioanza 2020, unachukua wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Hiyo inasogea taratibu. Pima kwa mpira: baada ya masomo matatu na mazoezi ya kweli, je, unapinda kidogo kuliko zamani? Kama haukubadilika hata kidogo, na kila ukifika unapewa jambo jipya lisilohusiana na la jana, tafuta mwalimu mwingine. Na kama Jumapili una mashindano, somo la Ijumaa liahirishe.