Klachi Ikifunguliwa: Pleti Peke Yake au Seti Nzima?

Fundi makanika akishashusha giaboksi na kumwambia mwenye gari kwamba klachi pleti (kisahani kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi) imekwisha, lakini ni bora presha pleti (bamba lenye springi linaloibana pleti hiyo) na beringi vibadilishwe pamoja, wengi wetu Unguja na Pemba hudhani mara moja kwamba anataka kutula pesa. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwani wapo mafundi waliokubaliana na wauza spea. Hata hivyo, fundi mwaminifu anadhulumiwa kwa dhana hii, kwa sababu hesabu ya kazi yenyewe iko upande wake.

Gharama ya klachi haiko kwenye kufunga pleti, bali kwenye kushusha giaboksi na kuirudisha, na ujira wake ni ule ule, kikibadilishwa kifaa kimoja au vitatu. Beringi ya klachi kwa kawaida ndiyo yenye bei ndogo katika seti, na ndiyo wenye gari wanayopenda kuiruka. Mara nyingi imekwenda mwendo ule ule na pleti iliyokwisha, na kila dereva anapokanyaga pedeli hugandamizwa kwenye vidole vya springi ya presha pleti. Ikiachwa, huenda baada ya muda ikaanza kulia kila pedeli inapokanyagwa. Na ikikwama kabisa, huvila vidole hivyo, hata kama presha pleti ni mpya. Hapo giaboksi hushushwa tena. Kwa gari ya abiria ya Chake Chake na Mkoani, hasara si ujira wa fundi tu: tajiri hapati hesabu yake, dereva na utingo hawana posho, na spea isipopatikana Pemba hungojewa boti kutoka Unguja. Haya yote kwa ajili ya kifaa kinachoenea kiganjani.

Presha pleti nayo ina hoja yake. Pleti mpya ikibanwa na uso uliochimbika hushika sehemu chache tu, hupata moto na kuteleza, na vilima vya Pemba havisamehe klachi inayoteleza gari ikiwa imejaa watu na magunia.

Anayekataa seti nzima naye ana neno zito, mbali na ufinyu wa mfuko: spea feki. Presha pleti ya asili iliyokuja na gari kutoka Japani, ambayo uso wake umenyooka, hauna madoa ya buluu ya kuungua, na vidole vyake viko sawa kwa urefu, naiamini zaidi kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Flaiwili, yaani gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa juu yake, nayo haistahili kutupwa kwa mazoea. Za aina ya kawaida, zikiwa na mikwaruzo midogo, huweza kusawazishwa na fundi wa lezi, mashine ya kuchonga chuma. Sili ya nyuma ya injini, inayozuia oili isitoke, ni jambo jingine: ikiwa inavuja, ibadilishwe bila mjadala, kwani oili ikiifikia pleti mpya huiharibu.

Kwa hiyo mwenye gari aende gereji giaboksi ikiwa bado chini, aupapase uso wa presha pleti kwa kucha, aizungushe beringi kwa mkono, na vifaa vya zamani achukue mwenyewe. Pesa zikitosha vitu viwili tu, na presha pleti ikawa nzima, anunue pleti na beringi.