Wazee kwenye kiti cha meno: mwanafunzi afundishwe nini Uganda?

Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya milioni 45 nchini Uganda, na karibu nusu yao hawajatimiza miaka 18. Waliofika 60 na zaidi ni takriban asilimia 5 tu. Kwa hiyo likitolewa pendekezo kwamba wanafunzi wa udaktari wa meno wafundishwe mahsusi kuhudumia wazee, jibu la haraka ni kwamba watoto watangulie. Jibu hilo lina uzito. Shahada ya meno ya Chuo Kikuu cha Makerere ni miaka mitano iliyojaa tayari, madaktari wa meno ni wachache na wengi wako Kampala, na jino la mtoto likilindwa leo litamfaa maisha yake yote.

Kasoro yake ni kumchukulia mzee kama mgonjwa wa miaka 30 aliyeota mvi. Tuseme ni mama wa miaka 72 wa Busia, mwenye kisukari na presha. Ufizi umeshuka, mizizi ya meno iko wazi, na mzizi hauna ile ngao ngumu ya juu, basi uozo unaanzia hapo. Baadhi ya dawa anazomeza zinakausha mate yaliyokuwa yakimlinda. Sukari isipodhibitiwa ufizi unazidi kuugua, na ufizi ukiugua sukari nayo inazidi kuwa ngumu kushusha.

Mwanafunzi asiyefundishwa haya ataona tundu, atachukua koleo. Kabla ya hapo ilimpasa aangalie bahasha ya dawa, apime presha, aulize kama mama amekula baada ya kumeza dawa ya sukari, na ahesabu vizuri ganzi yenye adrenalini. Akimaliza, akiinue kiti polepole na amwache akae kidogo kabla ya kusimama, maana presha huweza kushuka ghafla akaanguka. Na amwulize yeye mwenyewe panapouma, asimgeukie binti aliyemsindikiza huku mama yupo na anasikia vizuri. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote, kwa sababu halihitaji hata shilingi.

Je, liwekwe somo jipya? Hapa nakubaliana na wanaopinga. Somo la kujitegemea litaishia kwenye makaratasi ya mtihani, na walimu waliobobea katika meno ya wazee ni adimu. Tena mzee wa wilaya za mbali kama Yumbe au Kisoro hakutani na daktari wa Makerere. Akibahatika, anakutana na ofisa wa afya ya meno mwenye diploma katika kituo cha afya cha ngazi ya nne. Mafunzo yakibaki kwa wanafunzi wa shahada peke yao, yatampita mbali. Afadhali wanafunzi wa shahada na wa diploma wapangiwe zamu ya lazima, ya pamoja, kwenye kliniki za kisukari na majumbani mwa wazee.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Mafunzo yatamsaidia nini mzee asiyeweza kulipia meno bandia? Posho ya serikali ya wazee, SAGE, imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kwa sehemu kubwa ya nchi ni mpaka ufikishe miaka 80. Sina jibu la meno bandia bila serikali kuweka mkono. Ila kazi nyingi kwa mzee ni za kabla ya kufika huko. Njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa simenti, bila mashine wala umeme, ilianza kutumika hapa jirani Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Simenti ya ayonoma inayotumika siku hizi kwa njia hiyo, na dawa ya floraidi yenye madini ya fedha (silver), ambayo hupakwa tu na kusimamisha uozo, ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Dawa hiyo ya kupaka huacha doa jeusi pale ilipopakwa. Kwa jino la mbele la kijana hilo ni tatizo. Kwa mzizi wa gego la mzee wengi hawatajali, mradi waelezwe kabla.

Kuna mazungumzo yanayohitaji mazoezi kuliko sindano yoyote. Mzee anasema, "Mwanangu, ng'oa tu, uzee ndio huu." Mwanafunzi mwenye haraka atafurahi. Aliyefundwa atajibu, "Jaja (yaani bibi au babu), jino hili linazibika, nalo ndilo unalotafunia. Tujaribu kuliziba kwanza?" Kisha asubiri jibu, na jaja akisisitiza kung'oa baada ya kuelewa, aheshimiwe.

Ningependa wasimamizi wawape alama wanafunzi kwa mazungumzo hayo kama wanavyowapa kwa kung'oa na kuziba, kwa sababu mwanafunzi husoma kile kinachotahiniwa. Gharama itakayobaki ni nauli ya kufika vijijini na muda wa wasimamizi, na hiyo ndiyo ya kuwekwa kwenye bajeti ya vyuo na wizara.