Ekzosi ya Subaru yenye turbo: kipi kibadilishwe, kipi kiachwe

Ukipeleka Forester SG5 au Impreza WRX kwa mafundi wawili na kuwauliza ununue ekzosi gani, huenda ukarudi na majibu mawili yasiyopatana. Mmoja atakwambia utoe masega, yaani kifaa cha kusafisha gesi zenye sumu kwenye ekzosi, na kuweka bomba la inchi 3 kutoka kwenye turbo hadi nyuma, gari lipumue. Mwingine atakwambia usiguse kitu, waliolitengeneza walijua walichokifanya. Wote wana hoja za kweli, na kila mmoja anaacha jambo ambalo likikukuta utalilipia kwa injini. Maoni yetu ni kwamba kwa gari la barabarani lenye turbo yake ya asili, kipande kimoja tu ndicho chenye faida ya maana, nacho ni bomba la kushukia, lile mafundi wanaloliita daunipaipu. Na hata hilo lisinunuliwe kama huna fedha za kurekebisha programu ya injini pamoja nalo.

Tuanze na njia ya moshi. Kwenye injini za EJ20, zile za Subaru za lita 2.0, zenye turbo moja, manifoldi hukusanya moshi wa silinda za kushoto na kulia chini ya injini. Bomba la kupandia huupeleka juu kwenye turbo iliyo nyuma, upande wa kulia. Bomba la kushukia huutoa hapo na kuupitisha kwenye masega, kisha unafuata bomba la kati na sailensa. Kinachozungusha turbini, yaani gurudumu la turbo linalosukumwa na moshi, ni tofauti ya presha kati ya mdomo wake wa kuingilia na wa kutokea. Ukipunguza kizuizi chochote baada ya turbini, tofauti hiyo inakua, turbo inaamka mapema na kusukuma hewa nyingi zaidi. Ule usemi kwamba injini lazima iwe na presha ya kurudi nyuma hauna nafasi hapo. Wanaotaka bomba pana wako sahihi katika hili, na mahali panapobana zaidi ni kona ya kwanza baada ya turbo pamoja na masega yanayofuata. Sailensa ya nyuma ina mchango mdogo sana kwenye nguvu, ingawa ndiyo inayonunuliwa kwanza.

Hatari inatoka kwenye faida hiyohiyo. Turbo za asili kama TD04 zina westigeti ya ndani, yaani kijilango kinachofunguka presha ikifika kiwango, ili moshi wa ziada upite pembeni bila kuzungusha turbini. Kijilango hicho kilipimwa kwa ekzosi ya asili. Njia ya nyuma ikifunguka sana, kinaweza kuwa wazi chote na bado kisitoshe. Presha inaendelea kupanda kadiri mizunguko inavyopanda: gari lililokuwa likitulia kwenye bar 0.8 linafika 1.0 au kupita karibu na mizunguko 6,000 bila mtu kuliagiza. Kompyuta ikiona presha imevuka kikomo chake hukata mafuta ghafla, gari likajikuta kama limegonga ukuta. Hapo umesalimika. Kibaya zaidi ni lile eneo la chini kidogo ya kikomo, ambapo mafuta hayakatwi lakini mchanganyiko umepungua petroli na injini inagonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda. Pistoni za EJ hazivumilii kugonga kwa muda mrefu. Kuta nyembamba zinazotenganisha ringi huvunjika, na dalili za kwanza ni silinda moja kukosa kompresheni na injini kula oili.

Petroli inaongeza uzito wa jambo hili. Turbo nyingi za Kijapani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango cha Japani, JIS, kinaitaka iwe na RON (kipimo cha petroli kuzuia kugonga) ya 96 au zaidi. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu vingi haifiki hapo, kwa hiyo akiba ya usalama iliyoachwa kiwandani imeshapungua kabla hujanunua bomba lolote. Ndiyo maana tunasema bomba la kushukia na marekebisho ya programu ni ununuzi mmoja. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, badilisha sailensa upate sauti, na bomba la kushukia uliache.

Kuhusu upana: inchi 2.5 ni milimita 63.5, na inchi 3 ni milimita 76.2. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo la mdomo linaongezeka kwa takriban asilimia 44. Kwa turbo ya asili, inchi 2.5 inatosha, na inaacha nafasi kati ya bomba na sakafu ya gari. Inchi 3 ina maana kwa mwenye turbo kubwa zaidi, au anayejua kwamba westigeti yake imepanuliwa na programu imeandikwa upya. Ukiishi barabara ya murramu, kumbuka pia kwamba bomba la inchi 3 hushuka chini zaidi, na jiwe litakalogonga flanji, yaani bapa la kuungia bomba, halikupi onyo.

Muhimu kuliko upana ni umbo la mdomo wa bomba hilo. Mengine yana mdomo mpana mmoja unaopokea moshi wa turbini na wa westigeti pamoja, mengine yana ukuta katikati, na mengine yana kijibomba cha pekee cha westigeti kinachojiunga chini. Kabla ya kulipia, shikiza flanji kwenye turbo, au kwenye turbo nyingine ya aina ileile iliyopo gereji, kisha fungua kijilango kwa mkono hadi mwisho. Kikigusa ukuta hata kidogo, liache bomba hilo, kwa sababu kijilango kisichofunguka chote ndicho chanzo cha presha kupanda ovyo. Angalia pia unene wa flanji. Milimita 10 hadi 12 ni nzuri. Flanji ya milimita 6 hujipinda kwa joto na kuanza kuvuja, na gasketi mpya haitaponya.

Sasa masega, penye ubishi mkubwa. Wanaoyatoa husema yamezeeka, yameziba, na mafuta yetu yanayaua. Hoja ya mafuta ilikuwa na nguvu enzi za petroli yenye risasi, lakini nchi za Kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Kinachoua masega leo ni oili inayopita kwenye sili za turbo, plagi au koili mbovu zinazopeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi, na mchanganyiko uliozidi petroli. Ukiyatoa bila kutibu chanzo, umeondoa kilichokuwa kinakuonyesha ugonjwa.

Kuziba kwenyewe kunapimika. Unganisha geji ya vakyumu kwenye intake manifoldi, shikilia mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama, na utazame. Sindano ikishuka polepole badala ya kutulia, njia ya moshi imebanwa. Yakiwa yameziba kweli, yabadilishwe, na wenye hoja ya kuyaondoa wana haki kwa kiasi hicho. Mbadala ni masega ya spoti yenye vitundu 200 kwa kila inchi ya mraba. Ya asili mara nyingi huwa na 400 au zaidi. Yale yaliyojengwa kwa karatasi za chuma huvumilia joto la karibu na turbo kuliko ya kauri ya bei nafuu, ambayo humeguka. Kwa gari la barabarani, tofauti ya nguvu kati ya masega hayo na bomba tupu ni ndogo mno kulinganisha na unachopoteza.

Unachopoteza ni ulinzi dhidi ya monoksidi ya kaboni. Kwenye magari haya turbo iko chini ya boneti, karibu na kioo cha mbele, na hewa ya kabini huvutwa kutoka chini ya kioo hichohicho. Na hata masega yakiwepo, flanji ya turbo ikivuja, moshi ambao haujayafikia una njia fupi hadi ndani, na gesi hiyo haina harufu wala rangi. Ukiona weusi wa masizi kwenye kiungo cha turbo, au ukisikia "tsi-tsi-tsi" asubuhi injini ikiwa baridi na sauti ikapotea ikipata moto, usiwapandishe watoto gari hilo mpaka litengenezwe.

Na kama kuna anayejitolea kukutolea masega bure, jua kwamba ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Hayo ndiyo malipo yake. Kichuma cha kusogeza nyuma sensa ya pili ya oksijeni, ile ya baada ya masega, ili kompyuta isitoe msimbo wa hitilafu ya masega, P0420, huzima taa ya injini tu, hakisafishi chochote.

Manifoldi na bomba la kupandia tungeziacha, isipokuwa katika hali moja. Baadhi ya injini za EJ205, zikiwemo za WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005, zina masega madogo ndani ya bomba la kupandia, yaani kabla ya turbo. Hayo yakimeguka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbini. Hapo bomba lisilo na masega ni kinga halisi, na masega makuu ya baada ya turbo yanabaki kazini. Zaidi ya hapo, manifoldi yenye mikono ya urefu sawa itaondoa ile ngurumo ambayo watu wengi wanainunulia Subaru. Usinunue pia manifoldi ya Legacy GT ya Kijapani ya lita 2.0, ya 2003 hadi 2009, kwa ajili ya SG5. Legacy hiyo ina turbo ya njia mbili za kuingizia moshi na milango yake haiendani na turbo ya njia moja. Forester za kizazi cha SJ zenye injini ya FA20 nazo zina turbo chini mbele ya injini, kwa hiyo bomba lake ni jingine kabisa.

Jambo linalosahaulika na wanaoagiza kutoka Marekani: usukani wetu uko kulia, upande uleule wa turbo. Bomba lililochorwa kwa gari la usukani wa kushoto linaweza kupita karibu mno na shafti ya usukani au buti ya ndani ya ekseli ya kulia, ule mpira unaoshika grisi. Grisi ikiyeyuka na kumwagikia ekzosi, harufu utaisikia kabla ya kuona tatizo. Muulize muuzaji waziwazi kama limefungwa kwenye gari la usukani wa kulia.

Chuma cha pua si kimoja. Daraja la 304 lina kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ndilo linalostahimili chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar. Daraja la 409 lina kromiamu karibu asilimia 11, hushika kutu ya juu lakini hudumu, na kwa bara linatosha. Sumaku hunasa 409 na haivutwi sana na 304, lakini usiishie hapo: daraja la 201, lenye nikeli kidogo na linalouzwa kwa jina la 304, nalo halivuti sumaku. Kwa hiyo dai cheti cha chuma au nunua kwa mtu anayetoa dhamana ya maandishi. Unene wa milimita 1.5 ni mzuri. Kumbuka pia kwamba 304 hutanuka sana: mita moja ikipanda nyuzi 500 za Selsiasi hurefuka kwa karibu milimita 9. Bila kipande chenye kunyumbuka mahali fulani kwenye mstari huo, nyufa hutokea kandokando ya mchomeleo.

Ukitengenezesha kwa fundi wa hapa, mtake achomelee kwa gesi ya argon na apitishe argon ndani ya bomba pia. Asipofanya hivyo, upande wa ndani huota chembechembe za oksidi, zinazovunja ulaini wa njia na kudhoofisha kiungo. Tundu la sensa ya oksijeni liwe na uzi wa skrubu wa M18 kwa 1.5, na sensa ielekee juu, angalau nyuzi 10 juu ya mlalo, maji yasikae ndani yake.

Siku ya kufunga, lowanisha stadi za turbo, zile boliti zisizo na kichwa, kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Stadi ikikatika ndani ya turbo, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku mbili. Tumia gasketi za chuma za matabaka, kaza kwa zamu hadi karibu Nm 35, na usipake silikoni popote kwenye njia ya moshi, kwa kuwa mvuke wake huua sensa. Kiungo kinachovuja kabla ya sensa ya mbele huvuta hewa ya nje, kompyuta ikadhani petroli ni chache na kuongeza. Hivyo ndivyo ulaji wa mafuta unavyopanda baada ya ekzosi mpya.

Kwa sailensa, kelele za ndani kwenye safari ndefu ndizo zinazochosha. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,700 mlio ni wa mitetemo 90 kwa sekunde. Kijibomba kilichozibwa mwisho, chenye urefu wa robo ya wimbi hilo, karibu mita 1.3 kwa moshi wa moto, kikiungwa pembeni ya bomba la kati hupunguza mlio huo bila kubana njia. Nchini Kenya, kanuni za kelele za 2009 zinataja desibeli 84 gari linapoongeza mwendo, na mabomba mengi yasiyo na rizoneta, yaani chumba cha kupunguza mlio, huvuka hapo. Milipuko ya kupangiwa kwenye programu, ile ya kuachia mafuta, tungeikataa kabisa: petroli inaungulia ndani ya ekzosi, na turbini pamoja na masega ndivyo vinavyoumia.

Mwisho ni kupima. Geji ya presha ya turbo ifungwe kabla ya ekzosi mpya, upate kipimo cha asili cha kulinganisha. Baadaye jaribu kwa gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500, mahali salama, na uachie pedali mara sindano ikipita kiwango. Na kama programu iliandikwa Nairobi, usiridhike na majibu ya Nairobi. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi. Ukiteremka Mombasa, injini inavuta hewa nzito zaidi, moshi unakuwa mwingi zaidi, na westigeti iliyokuwa ikitosha inaweza kuzidiwa, tena kukiwa na joto linalofanya injini igonge upesi. Mwambie anayeandika programu aache nafasi ya pwani, na safari ya kwanza ya kuteremka iendeshwe macho yakiwa kwenye geji.